Besi Kwenye Harusi Yake

Gitaa langu la besi lilinizidi umri. Mjomba alilipiga katika bendi ya hoteli moja huko Goma, enzi za suruali za miguu mipana, na tuliporudi Rwanda akanipa mimi kwa sababu wanawe hawakulitaka. Wekundu wake ulikuwa umefifia ukawa rangi ya chai. Kitufe cha sauti kilikwaruza kila ukikigusa, kwa hiyo nilikiacha palepale siku zote. Tena lilikuwa zito. Baada ya mazoezi ya kwaya, mwimbaji wetu mkuu alinibebea hadi kwetu, tukipanda polepole huku upepo wa ziwa ukitupiga mgongoni. Ndivyo tulivyoanza. Mama alikuwa ameshaanza kumwita mkwe, kwa utani, na yeye hakuwahi kukataa.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na kila jambo nililiwaza mpaka likaharibika. Akichelewa, niliwaza ameumia. Akiwahi, niliwaza ana jambo la kuniambia. Siku aliyokuwa nalo kweli sikuwaza chochote. Aliliegemeza gitaa kwenye geti letu, taratibu, akasema anaoa. Binti kutoka Kanama. Familia zao zilijuana tangu zilipokuwa Congo.

"Na mimi?" nikauliza.

"Bon, weye... weye uko mutu muzuri sana."

"Sikuuliza hilo."

Akajikuna shingo. "Bazee balishaongea. Mi ningesema nini?" Kisha akainua macho. "Lakini utatupigia, ee? Mu Gisenyi muzima hakuna mutu wa besi, ni weye tu."

Nilicheka. Mpaka leo sijui nilichekea nini.

"Usiende," mama alisema tulipokuwa mezani. "Bapige ngoma, inatosha."

"Nisipoenda watasema nina wivu."

"Na ukienda?"

"Watasema sina aibu."

"Basi kula kwanza. Batasema tu."

Katika kwaya yetu, mwenzetu akifunga ndoa, husimama na mwenzi wake wakituongoza katika wimbo mmoja. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu yeye hakuweza kuanza wimbo bila kupewa noti. Kila mara kabla ya kuimba alinitupia jicho, nami nikagusa noti ya sol, taratibu, akaidaka. Hakuna mwingine aliyeona. Mtazamo ule niliuhesabu kuwa wetu wawili.

Sasa nikawaza: akinitazama siku ile, itakuwa na maana gani? Nikimnyima noti, atapotea mbele ya wakwe zake. Nikimpa, nitakuwa nimemwozesha kwa mkono wangu. Mwishoni niliamua kumpa. Halafu nikaanza kuwaza niishike muda gani ili aelewe. Umeme ulikuwa umekatika, nikakibana kichwa cha gitaa kwenye kabati la nguo ili mbao zivume badala ya spika, nikapiga sol, nikaisikiliza ikifa, nikapiga tena, mpaka mama akapaza sauti kutoka jikoni: "Iyo wimbo iko na noti moja tu?"

Ndoa ilifungwa asubuhi, kama zote siku hizo, ili wageni wa Kanama wawe wamefika kwao kabla ya jioni, maana barabara hazikuwa salama gizani. Umeme ulikuwepo. Alisimama na bibi harusi, amemshika mkono. Niliweka kidole kwenye sol nikasubiri.

Alimtazama mkewe, si mimi. Bibi harusi akavumisha noti, midomo ikiwa karibu kufungwa, naye bwana harusi akaanza.

Alianza juu. Wimbo tulioupiga katika sol miaka yote ulikuwa umepandishwa hadi noti ya si bemoli, ufae sauti ya mkewe. Walikuwa wameufanyia mazoezi mahali fulani, wao wawili, siku zile alizokosa kwaya akituambia ana kikohozi.

"Iko wapi? Iko wapi?" mpiga gitaa la solo alininong'oneza, vidole vikitangatanga.

Mkono wangu uliipata noti kabla yangu. Mpiga solo akanifuata, kisha kwaya nzima. Katika sol gitaa lile lilikuwa na nyuzi za kuachia zivume zenyewe. Huku juu ilinibidi nikandamize karibu kila noti. Nilipiga mpaka mwisho. Nilipiga vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nje, watu walipanga mstari wa kuwapongeza. Bwana harusi alikuwa amevutwa pembeni na mpiga picha. Bibi harusi aliponiona alinikumbatia kama watu tunaojuana.

"Asante, dada! Mi niliogopa sana. Nikamuuliza, tukibadilisha, batu ya muziki si batapotea? Akasema, hapana ogopa, ule dada wa besi atatufuata tu."

Nilimwambia hongera. Vidole vyangu bado viliwaka moto, naye aliviminya kwa mikono yote miwili, kwa furaha, hakutaka kuviachia.