Mstari Nilioruka Katika Kitabu cha Karavani

Kulanti, dawa ya kupoza injini ya gari, ina harufu tamu, kama sharubati iliyosahauliwa juani, na mpaka leo nikiinusa mimi huziba pua. Harufu hiyo ilijaa uani kwa Abu Nasir, Umm Salal, Ijumaa moja ya Desemba nilipokuwa na miaka kumi. Abu Nasir alikuwa tajiri wa baba yangu. Baba alikuwa dereva wa nyumba ile: aliwapeleka watoto shule asubuhi na kuwarudisha mchana, na msimu wa kambi ulipofika aliikokota karavani yao, nyumba ya magurudumu, hadi jangwani. Mama alikuwa muuguzi kwenye kliniki, nasi tulikaa Fereej Bin Mahmoud, katikati ya Doha, chumba na sebule juu ya duka la kushona kanzu. Iqama ya baba, yaani ruhusa yake ya kuishi nchini, ilikuwa mikononi mwa Abu Nasir. Kazi ikiisha, ruhusa nayo imekwisha. Hilo nililijua kama nilivyolijua jina langu.

Mwaka huo Abu Nasir aliamua kuipeleka karavani Uturuki, milimani kwenye theluji. Lori lingeibeba Jumamosi, na familia ingefuata kwa ndege baada ya wiki mbili, shule zikishafungwa. Baba akaambiwa amwage maji yote ya tangi na boila ya kuchemshia, kisha ajaze mabombani dawa ya kuzuia maji yasigande, maana yakiganda hupasua mabomba. Baba, mtu wa Mwatate, kwetu Kenya kwenye joto, alicheka kusikia kwamba maji yanaweza kupasua kitu. Mama, aliyekulia Kinangop ambako baridi huunguza viazi shambani, hakucheka. "Baba Wakesho, ulizia kwanza kwa wanaojua," alimwambia, akimwita kwa jina langu. "Kuuliza si ujinga." Lakini angemuuliza nani hapa Doha, ambako mafundi wote aliowajua walikuwa wakipambana na joto? Tena nyumbani alikuwa na mtaalamu wake, yaani mimi. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza, na baba, ambaye chake kilitosha kwa barabara na soko tu, alinitangaza kwa kila Mkenya tuliyekutana naye kanisani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nimesifiwa hadi basi.

Nilikaa kwenye ngazi ya karavani, kitabu cha maelekezo magotini, nikisoma kwa sauti ya mtangazaji na kumtafsiria. Fungua hapa, funga pale, washa pampu, kisha fungua mfereji mmoja mmoja mpaka utoe dawa ya pinki. Baba alifanya kila nililosema. Chini ya hapo palikuwa na maandishi madogo ndani ya kisanduku, nikayaruka kwa sababu jua lilikuwa machoni na nilitaka juisi. "Ni hayo tu, mama?" baba akaniuliza. Nikamjibu ni hayo tu. Dawa yake ilikuwa ya pinki kweli: madumu manne ya kulanti kutoka duka la spea, ileile aliyokuwa akiitia kwenye rejeta ya gari kila mwaka. Kwa dereva, dawa ya kuzuia maji yasigande ni hiyo, hakuna nyingine. Mfereji wa jikoni ulipotoa pinki, tulipiga makofi.

Kitabu kilibaki kwenye mkoba wangu wa shule. Jumanne nilikitoa ili nijishaue kwa wenzangu, na hapo ndipo nikakisoma kile kisanduku. Dawa ya injini ni sumu. Isiwekwe kamwe kwenye mabomba ya maji ya kunywa. Ipo nyingine ya pinki, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Karavani ilikuwa imeshavuka mpaka. Kule milimani wangesuuza mabomba kidogo, wachemshe chai, na Lulwa, kitinda mimba wao wa miaka minne, angekinga mdomo mferejini kama alivyozoea.

Sikusema. Nikisema, baba anarudishwa Kenya. Nisiposema, Lulwa anakufa. Nilimwomba Mungu lori lipinduke, kisha nikamwomba msamaha kwa ajili ya dereva wa lori. Sahani yangu niliirudisha jikoni ikiwa imejaa. Mama alinipima joto, akanipa dawa ya minyoo. Siku nane nilitafuta njia ya tatu kwa akili yangu yote iliyokuwa ikisifiwa, nisiione. Nilitamani niugue kweli, nilazwe, mambo yaniishie huko.

Jumatano ya pili, baba alirudi mchana akasema kesho anaipeleka familia uwanja wa ndege. Nikamwekea kitabu mapajani, nikamsomea kisanduku. Hakunipiga. Aliniambia nirudie polepole, nikarudia.

"Umemwambia mtu mwingine?" akauliza.

Nikadhani anataka tufiche. Nikasema hapana.

"Basi usimwambie. Mimi ndiye niliyesoma."

Akavaa viatu, akaenda kwa Abu Nasir kukiri. Safari iliahirishwa, mabomba yakang'olewa yote. Abu Nasir hakumtukana. Alimwambia, "Wewe mtu mkweli, lakini kila nikikuona na wanangu nitayaona maji yale. Khalas, basi." Mwisho wa mwezi baba alirudi Mwatate. Mshahara wa mama haukutosha kumdhamini mume, na mimi nilikuwa na shule. Baba niliyezoea kumsikia akikohoa chumba cha pili akawa sauti ya simu ya kila Ijumaa.

Sasa nina miaka thelathini na mbili. Nafanya kazi ya kompyuta papa hapa Doha, nakaa Al Wukair, na mshahara wangu unatosha kumleta baba, ila yeye anasema hana mtu wa kumwachia mbuzi wake. Krismasi iliyopita nilikuwa kwake. Baba wadogo walimuuliza tena, kama kila mwaka, ilikuwaje akapoteza kazi nzuri ya Uarabuni. Akawaambia Kiingereza kilimshinda, alisoma vibaya. Wakaangua kicheko, mmoja akamwita profesa. Nilikuwa nimeketi kando yake na digrii zangu mbili, naogopa kama nilivyoogopa wakati ule, na safari hii hakuna anayeweza kurudishwa kokote. Baba akanitazama kidogo, akatazama pembeni. Nikacheka pamoja nao.