Meno ya Chuma na Maji Mekundu

Meno ya Chuma hakuzaliwa na jina hilo, alilipata ghalani. Mbegu ya mahindi ikikauka sawasawa, ukiibana kwenye jino inapasuka kwa mlio, ka! Ikiwa bado ina maji inabonyea tu, na mbegu ya namna hiyo ukiifunga guniani umefunga ukungu. Kikundi cha kina mama wazalisha mbegu kilikuwa na kimashine cha kupimia ukavu. Kiliharibika, kikatengenezwa, kikaharibika tena. Meno ya mama huyu hayakuwahi kupelekwa kwa fundi.

Kazi ile aliianza akiwa mjane mbichi, mwaka ambao mbegu bora zilikuwa bado ni hadithi. Walipanda mistari ya mahindi mama na mistari ya mahindi baba, na kabla mahindi mama hayajamwaga vumbi lake, wanawake walipita katikati wakiyang'oa mbelewele, yale maua ya kileleni, moja moja, majani yakiwachanja mashavu. Wanaume walisimama kando ya njia wakicheka. "Enyi kina mama, siku hizi mnahasi mahindi?" Meno ya Chuma akawajibu bila kugeuka, "Tukimaliza haya tunakuja kwenu." Hakuna aliyesimama tena kwenye njia ile.

Mbegu yao iliota. Ndiyo maana watu waliwaamini. Tena siku ya kugawa mbegu ilikuwa na desturi yake. Kila gunia likifunguliwa, Meno ya Chuma alichukua punje, akaipasua mbele za watu, akaitafuna na kuimeza, kisha akasema kwa sauti ya mwenye mali, "Nisichokula mimi, hupandi wewe!" Watoto walilifanya neno hilo wimbo wa kurukia kamba. Naye akipita akiwasikia, shingo ilirefuka.

Sasa ukaja mwaka ambao mvua iliishia njiani. Watu walivuna mabua, na mavuno ya kugombana na panya. Kabla ya msimu mwingine kufika, ghala za majumbani zilikuwa zinafagiliwa kwa vidole.

Na mwaka huohuo ndio mbegu ya kikundi ilipelekwa kupakwa dawa, kwa sababu ya wadudu wa ardhini waliokuwa wakiimaliza kabla haijachomoza. Ikarudi nyekundu. Si nyekundu ya kupendeza, nyekundu ya kidonda. Bwana shamba, kijana mpole anayeongea kama anaomba radhi, alipanda juu ya kiti siku ya kugawa.

"Mama zangu, baba zangu, hii ni ya kupanda tu. Hata kuku asiionje. Dawa hii haitoki kwa kuosha, imeingia ndani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," wakajibu, kama watu wanavyojibu wakiwa kwenye foleni.

Meno ya Chuma alisimama mlangoni, mikono nyuma. Gunia la kwanza likafunguliwa, yeye kimya. La pili, kimya. Watu wakaanza kutazamana. Ndipo wifi yake, mke wa kaka yake, mwanamke wa maneno na mtani wake wa tangu siku ya harusi, akapaza sauti kutoka nyuma:

"Wifi! Mwaka huu meno yameota kutu?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja akaguna, "Mwenyewe haili, halafu sisi tuipande."

Loo, kicheko kile! Mwanamke yule angevumilia njaa, angevumilia kofi, lakini kuchekwa mlangoni pa ghala lake hakuweza. Alichukua punje, akaitumbukiza kwenye bakuli la maji, akaisugua, akaifuta kwa upindo wa kitenge mpaka ikawa nyeupe. Bwana shamba akasema, "Mama, usi—" Ka! Punje ikapasuka. Akatafuna.

"Nisichokula mimi?"

"Hupandi wewe!" wakaitikia wote, na wifi yake ndiye aliyepiga kigelegele.

Lile waliloliona watu ndilo hilo. Hawakumwona alipozunguka nyuma ya ghala akatema, akasukutua, akatema tena. Ulimi wake ulikuwa na ganzi mpaka jioni. Hakumwambia mtu. Angeanzaje?

Watu wakaenda na mbegu zao, wakakaa kungoja mvua. Mvua haikuja. Mawingu yalikusanyika kila mchana, yakatazama chini, yakaondoka. Mbegu ilikaa ndani ya nyumba, kwenye mifuko, karibu na masufuria matupu. Kulala na chakula chumbani huku watoto wanalia ni mtihani mwingine kabisa.

Asubuhi moja Meno ya Chuma alimkuta kuku amelala kwenye kizingiti cha ghala, miguu imenyooka, mdomo una vumbi jekundu. Alikuwa amedonoa punje zilizofagiliwa. Mama alichimba shimo, akamfukia, akarudisha udongo vizuri kana kwamba kuku naye angeweza kusema. Moyo ulimwambia, nenda kawaambie ulitema. Kiburi kikamwambia, bwana shamba alishasema, wana masikio. Akakisikiliza kiburi.

Kesho yake adhuhuri alikuwa anatoka kisimani, ndoo kichwani, akapita kando ya mtaro unaoteremka kutoka kwenye nyumba za mlimani. Mtaro ule siku za kiangazi huwa mkavu, labda mtu amwage maji ya vyombo. Siku hiyo ulikuwa na maji, uzi mwembamba unaojikokota kati ya mawe.

Maji yalikuwa mekundu.

Ndoo ilianguka na hakugeuka kuiangalia. Alianza kupanda na mtaro, kitenge mkononi, magoti yakimlaani. Nyumba ya fundi cherehani: ua mkavu. Nyumba ya muuza mkaa: pakavu. Maji yakapinda kushoto, naye akapinda nayo, na kabla hajafika alishajua ua gani, maana mwarobaini ule aliupanda kaka yake.

Hakupiga hodi. Uani kulikuwa na beseni limepinduliwa, ardhi chini yake imelowa rangi. Mtoto mdogo wa kaka yake alikuwa anachezea tope, viganja vyekundu. Jikoni sufuria ilikuwa inatokota, na wifi yake amekaa kwenye kigoda, mwiko mkononi.

"Wifi! Umenusia huko kisimani? Kaa, karibu inaiva. Nimebakiza ya kupanda, usiniangalie hivyo."

Meno ya Chuma aliipiga teke ile sufuria. Mahindi yakamwagika majivuni, moshi ukajaa jiko.

"Una wazimu!" wifi yake akaruka. "Chakula cha watoto wa kaka yako!"

"Wamekula? Nijibu, wamekula?"

"Wale nini, si umemwaga? Mbona wewe ulikula mbele ya watu wote? Wewe uliosha mara moja, mimi nimeosha mpaka mikono imechoka!"

"Nilitema, wifi."

"Ulifanya nini?"

"Nilitema nyuma ya ghala. Sikumeza."

Wifi yake aliufuta mdomo kwa mgongo wa mkono, taratibu. Meno ya Chuma akaushika mkono ule.

"Umeonja?"

"Nimeonja chumvi tu." Akameza mate. "Mara mbili tatu. Hata sikusikia chumvi, ulimi umekufa ganzi."

Meno ya Chuma akamwita binti mkubwa wa wifi yake, aliyekuwa anatandika ndani. "Mshike mama yako, mwende zahanati, sasa hivi. Mbebe na mdogo wako, mnawishe mikono kwa sabuni kwanza. Mwambie daktari ni mahindi ya dawa, usimfiche kitu. Mwambie shangazi ndiye aliyeanza."

Walipotoka, wifi akiegemea bega la mwanawe na tayari jasho linamtiririka katika kivuli, Meno ya Chuma alichukua jembe, akakokota udongo, akaziba pale uani palipotokea maji. Akasimama juu ya mtaro apumue.

Mtaro haukukauka. Maji yalikuwa yanakuja bado, kutoka juu zaidi, mekundu kuliko yale ya kwanza, yakaizunguka miguu yake na kuendelea kuteremka. Akainua macho. Mlima mzima ulikuwa unafuka moshi wa jikoni, mwaka ambao hakuna mwenye cha kupika.

Akalitupa jembe akaanza kupanda huku akipiga kelele, "Msile! Nilitema! Msile!" Na kutoka nyuma ya ua wa kwanza, watoto waliomtambua sauti wakaacha kamba yao wakamwitikia kwa furaha, kama walivyozoea:

"Hupandi wewe!"