Dashibodi ya Kadibodi

Baba yangu alikuwa fundi wa geji za ndege ndogo, vile vipimo vya mbele ya rubani, pale Ukunda na kwengineko, mpaka presha ya macho ilipomwondolea nuru. Upofu haukumjia kwa siku moja. Kwanza alishindwa kusoma namba ndogo, kisha akaacha kupanda baiskeli, na mwisho akawa mtu wa kukaa barazani kwetu Kinondo, mikono magotini, akisikiliza ndege zinazopita juu na kuzitaja aina zake kwa mlio. Siku moja aliifungua redio ya mama ili aisafishe, akashindwa kuirudisha. Mama hakumgombeza. Alizifagia skrubu, akazitia mkebeni, akaingia ndani. Nadhani kunyamaza kule kulimuumiza baba zaidi ya ugomvi.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Kadibodi, gundi na vizibo vya soda ndiyo mali yangu. Jioni hiyo nilikwenda kukaa karibu naye.

"Shikamoo, baba. Nataka kukutengenezea dashibodi ya ndege. Ile ya zamani uliyojifunzia kazi."

"Marahaba. Ya kuchezea?"

"Ya kusoma kwa vidole. Wewe utasema, mimi nitajenga."

Alinyoosha mikono yake hewani, akaipanua, akaipunguza kidogo. "Upana wake ulikuwa hivi," akasema. "Pima kabla mikono haijachoka."

Nikapima.

Nilianza na kadibodi ya sanduku la friji, tabaka tatu zilizogandishwa kwa uji wa unga wa ngano. Duara za geji nilizikata kwenye soli za ndara zinazotupwa na bahari. Mikono ya geji ilikuwa chelewa za ufagio, zile njiti za makuti. Kwa kuwa baba hakuweza kuona namba, kila mahali palipokuwa na namba niligandisha punje ya choroko. Kila siku baada ya alasiri nilimpelekea kazi, naye akaipitia kwa ncha za vidole kama mtu anayetafuta mwiba.

"Geji ya mwendo umeiweka kulia."

"Ndivyo ulivyosema, baba."

"Sikusema hivyo. Ya mwendo iko kushoto, ya urefu wa kwenda juu ndiyo iko kulia. Rubani wako ataanguka."

Nikabandua kwa kisu, nikapanga upya. Nilibandua mara tatu kabla hajaridhika na mpangilio. Siku niliyomaliza geji ya sita aliigusa dashibodi yote, kisha akausukuma mkono wa geji ya urefu kwa kidole, ukaenda, ukabaki pale alipouacha.

"Hauendi wenyewe," alisema. "Hii ni picha tu."

Nilikwenda jikoni nikamwambia mama kwamba nimechoka, nakomea hapo. Mama alikuwa akikuna nazi. Hakuinua uso.

"Usiache," alisema. "Tangu muanze, hajaniuliza hata mara moja leo ni siku gani. Anajua mwenyewe."

Kesho yake nilimwomba baba anieleze jinsi geji ya urefu inavyofanya kazi. Alinieleza pole pole, kwa Kiswahili kile anachokiweka kwa mambo ya heshima. Ukipanda juu, hewa ya nje inapungua uzito. Ndani ya geji mna kikopo chembamba kilichofungwa, na hewa ya nje ikipungua, kikopo hufutuka. Kufutuka huko ndiko kunakousukuma mkono.

Basi nilichukua mkebe wa maziwa ya unga, nikaufunika mdomo kwa mpira wa puto, nikaukaza kwa kamba. Katikati ya mpira nikagandisha uzi, nikauzungusha kwenye sindano ya kushonea iliyoushika mkono wa geji, na mwisho wa uzi nikaning'iniza shanga nzito. Mpira ukifutuka, shanga hushuka na sindano huzunguka. Nilipoweka uani, mkono ulitembea, nami nikamwita baba kwa furaha. Alikuja, akaushika mkebe.

"Mkebe una moto," alisema. "Umetengeneza kipimajoto."

Alisema kweli. Jua ndilo lililokuwa likiisukuma hewa ya ndani. Nikauhamishia kivulini, mkono ukarudi nyuma. Siku kadhaa nilihangaika kuufunga kwa kanga, kwa pamba, kwa mchanga. Haikusaidia. Nilikuwa nikimmiminia baba chai ndipo nilipoitazama chupa ya chai mkononi mwangu, ile yenye mdomo mpana. Inazuia moto usitoke. Basi itauzuia usiingie pia. Nilimaliza kumimina, nikaiosha, nikaikausha, nikauhamishia mdomoni mwake ule mpira na uzi wake, na mama akakubali kuipoteza bila kuuliza. Mpira ulipovuja pembeni niliuziba kwa gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli.

Sasa ilibaki kupanda. Pwani yetu ni tambarare, lakini Kwale mjini ni juu, zaidi ya futi elfu moja kutoka baharini. Binamu yangu alikuwa akipeleka nazi huko kwa pikapu yake. Asubuhi tukapanda naye, baba mbele akiipakata chupa na geji yake, mimi nyuma juu ya nazi. Tulipita Matuga, kisha barabara ikaanza kuinuka kuelekea Golini. Kupitia kioo cha nyuma niliuona mkono wa geji ukisogea. Nilijikaza nisiseme neno.

Kwale, binamu alipozima gari, nilishuka nikafungua mlango.

"Usiniambie," baba alisema.

Kidole chake kilitembea juu ya choroko moja moja, kwa wepesi ili kisiusukume mkono. Kikasimama.

"Nyumbani ulikuwa kwenye ya kwanza," alisema. "Sasa umepita ya tatu."

"Ndiyo, baba."

Nilitarajia atacheka, au atalia. Alivuta pumzi tu. "Tushuke," alisema. "Mkono usiporudi nyuma, tumefanya kazi ya bure."

Binamu alishusha nazi zake, tukateremka. Kinondo mkono ulisimama nusu choroko juu ya pale ulipoanzia. Nilidhani tumeshindwa, lakini baba alitikisa kichwa.

"Hata za kiwandani hukawia kidogo," alisema. "Hii ni geji."

Dashibodi hiyo leo imesimama darasani kwangu. Kila Alhamisi namshika mkono tunakwenda pamoja, na watoto humsomea choroko kwa sauti, naye huwarekebisha bila huruma. Geji ya mwendo bado haijakubali. Hiyo huendeshwa kwa upepo, na mrija wa kuupulizia unapinda ovyo, na juzi baba aliifungua geji yote mwenyewe, akazipanga sehemu zake kwenye sinia kwa safu, akanituma nikamtafutie mrija mwembamba zaidi.