Shosho wa Pili

Ulikuwa mwaka ule tuliokula viazi mpaka watoto wakaanza kuuliza ugali utapikwa sikukuu gani. Unga ulikuwa umepanda bei ukawa chakula cha wageni. Viazi vya kuchemsha asubuhi, mukimo wa viazi vya kuponda jioni, na katikati chipsi kwa aliye na mafuta. Hapa Kiamunyi ulipita nje ya nyumba ya mtu mchana ukajua kilichomo ndani bila kufunua sufuria. Huo ndio mwaka ambao mjukuu wangu alijipatia shosho mwingine.

Mimi ndiye niliyemlea huyo msichana. Amebeba jina langu, kama desturi yetu inavyotaka, na alipokuwa mdogo alilala mgongoni mwangu nikipalilia. Sasa ni mwanamke mzima, anauza mbegu na dawa za mifugo katika duka moja mjini Nakuru, na jioni anarudi kwangu. Zamani akirudi alikuwa akiketi jikoni ananipa habari za mji: nani ametukanana na mwenye duka, ng'ombe wa nani amekufa akiwa na mimba. Mwaka huo wa viazi akawa anarudi na simu mbele ya pua, anacheka peke yake. Nikimuuliza ni nini, ananijibu, "Ni shosho wa Mau Narok. Huyo mama ana maneno!"

Shosho. Nilikuwa namenya kiazi. Nilikimenya mpaka kikaisha.

"Shosho gani? Babako alizaliwa na wanawake wawili?"

"Shosho, wacha hizo. Ni mtu wa mtandaoni."

"Basi mwite mtu wa mtandaoni."

Nilidhani ni ile mitandao ninayoijua, ya wasichana wa kubinua midomo na wahubiri wa miujiza. Akaniambia huu ni tofauti, hauna tajiri mmoja anayeumiliki. Umegawanyika kuwa nyumba nyingi ndogo, kila nyumba na mtunzaji wake na sheria zake, na aliye nyumba hii anaongea na aliye nyumba ile bila kuhama. Sikuelewa. Akaketi, akaweka simu chini.

"Ni kama vyama vya akina mama. Chama chenu kina sheria zenu, cha ng'ambo ya barabara kina zao. Lakini si mnatembeleana?"

Hapo nikaelewa kumshinda. Nimekuwa kwa vyama tangu sijaota mvi hata moja. Na najua kinachovunja chama: nani ameketi karibu na nani.

Nyumba yao ilikuwa ya watu wanaopanda mboga za kienyeji, managu, saga, terere. Nani alimfundisha terere? Si ni mimi? Kumbe alikuwa akipeleka picha za shamba langu, hilo la nyuma ya jikoni, kwa huyo mama wa Mau Narok, na huyo mama anamsifu yeye. Tena nikaambiwa alikuwa mwalimu kabla ya kustaafu. Mimi shule niliiacha darasa la nne. Hiyo ya ualimu iliniingia kama mwiba wa mkakasi, ambao ukiuvuta unazidi kuzama.

"Niingize," nikasema.

"Wapi?"

"Kwa hiyo nyumba. Nataka kuketi pale anapoketi yeye."

Akaniingiza. Desturi yao mgeni hujitambulisha kwanza, kwa hivyo nikajitambulisha kwa kidole kimoja: "Mimi ndiye shosho wa kweli wa huyu msichana. Hilo shamba mnalosifu ni langu." Watu wakanikaribisha vizuri, hata wa nyumba za mbali ambao sijui wanaamka saa ngapi. Mwalimu naye akaandika, "Karibu, mwenzangu."

Mwenzangu! Nikaona ananipima.

Jumapili nikachinja jogoo, nikampiga picha akiwa kwa karai, shingo kando, ili wajue kwangu hakukosekani kitu. Kabla hajaiva, mtunzaji wa nyumba akaniandikia kwa adabu nyingi: "Mama, tunaomba picha ya damu iwekwe pazia, anayetaka kuiona aifungue mwenyewe. Wengine hapa hawali nyama." Nikamuuliza msichana ni mtu gani anakataa nyama mwaka kama ule. Akasema wapo. Nikaiondoa. Nikaweka terere yangu iliyopita ua kwa urefu, terere ambayo ukiiona unatamani kuwa mbuzi. Kimya. Hakuna aliyeipitisha kwa wengine. Na mjukuu wangu alikuwa ameweka jani moja tu, tena limetobolewa na wadudu, na hilo jani lilikuwa limepitishwa nyumba kwa nyumba kama mtoto mchanga.

"Wananinyima," nikamwambia. "Huyo mwalimu wako amewaambia waninyime."

"Hujaandika maneno ya picha, shosho. Huku picha bila maneno watu hawaipitishi."

"Picha ni ya maneno gani? Kwani hawana macho?"



"Si wote. Shosho wa Mau Narok haoni. Sukari ilimharibia macho. Simu yake ndiyo humsomea, na akitaka kujibu anaiambia, inaandika."

Sikumhurumia. Kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba sasa nimenyang'anywa hata wivu wangu, maana utamwoneaje kipofu wivu, watu wakuonaje? Nilijaribu kuuacha. Ukaketi pale pale. Halafu ukanenepa, kwa sababu nilimwambia msichana anisomee hayo maneno anayoandika chini ya picha, na akanisomea.

"Ukungu umeshuka kutoka Menengai ukalala juu ya terere kama shuka iliyosahauliwa kwa kamba."

"Endelea."

Akasita, halafu akasoma ya picha yangu, ambayo hata sikujua alinipiga. "Shosho yangu amesimama kwa mlango wa jikoni, mkono mmoja kiunoni. Kitambaa chake cha kichwa ni kijani kilichochoka na jua. Ana pengo mbele, upande wa kushoto. Hacheki, lakini ukimjua utaona kicheko kiko karibu, kimesimama tu nyuma ya meno. Mikono yake ina udongo ambao hautoki hata siku ya kanisa."

Huyo msichana hajawahi kuniambia neno kama hilo kwa mdomo wake. Mimi huniambia shosho, chai iko wapi? Shosho, nimechelewa. Mazuri yote alikuwa akiyabeba anampandishia mwenzangu huko Mau, na mimi hapa naachiwa vikombe.

"Umemwambia mwalimu wa watu nina pengo?"

"Si unalo?"

"Ninalo hapa kwangu!"

Akacheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka.

Siku chache baadaye mwalimu akaniandikia mimi, mbele ya nyumba yote. "Mwenzangu, huyu binti amenionyesha kuku wako, mlango wako na pengo lako. Yeye mwenyewe hajawahi kujionyesha. Kila picha yeye ndiye ameshika simu. Nimezoea maneno yake, lakini uso wake siujui. Wewe unamwona kila siku. Nielezee."

Msichana akasoma hayo kwa sauti ya chini. "Si lazima," akasema. "Huku mtu akikataa hasukumwi." Lakini hakuondoka. Akaanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimepangwa tayari, na masikio yake nikayaona yamesimama. Naye alitaka kusikia. Miaka yote hiyo kumbe naye alikuwa ananingojea.

Nikamwangalia. Unaweza kuishi na mtu ukajua nyayo zake zikiwa bado barabarani, na usiwe umemwangalia hivyo, kwa kumtafutia neno. Nilianza na paji la uso, nikashuka. Maneno yakaja. Yalikuwa mazuri, mazuri kuliko ya ukungu, na hata hapa siyaandiki.

Nikachukua simu, nikaandika: "Huyo sikuelezei. Huyo ni wa macho yangu."

"Shosho!" Alishika kichwa. "Unaandikiaje hivyo mtu asiyeona?"

"Nimeshaandika."

Nilingoja nifukuzwe. Chama changu wangenitoza faini na soda juu yake. Hawa hawakunifukuza. Watu wa nyumba nisizozijua wakayachukua hayo maneno yangu wakayapitisha, wakayapitisha, mpaka yakalishinda lile jani lake lenye matundu. Mwalimu mwenyewe akajibu, "Haki yako. Ningekuwa nawe ningefanya hivyo hivyo." Hilo jibu lilinikasirisha kuliko tusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa tusi.

Msichana akavuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana.

"Basi niambie mimi," akasema. "Ungesema nini?"

Nikaiweka simu juu ya kigoda, nikaikalia. Nikamwambia yote, polepole, kutoka paji la uso, mkono wangu ukionyesha kila mahali ninapotaja. Alikuwa ameinamisha macho. Chai ikamwagika kwa jiko na hakuna aliyeinuka.

Nilipofika kwa kidevu, simu ikatetemeka chini yangu. Akaniomba niinuke aisome. Alikuwa mwalimu. "Mwenzangu, nimekubali. Lakini hata urefu? Niambie tu, ni mrefu au ni mfupi?"

"Mwambie, shosho," msichana akasema, anafuta macho, anacheka. "Hilo ni dogo. Urefu si kitu."

Nikampokonya simu. Nikatafuta herufi moja moja.

"Huyo sikuelezei. Huyo ni wa macho yangu."