Kitunguu cha Jiwe Letu

Juzi nilishuka Kindu, ndugu yangu, nikapanda lile jiwe letu lililo juu ya mto Lualaba. Nilipapasa kila ufa kwa kidole. Hakuna kitu. Nilikaa pale nikalia, mtu mzima mimi.

Zamani, mvua ya kwanza ikilowesha jiwe lile, kilichipuka kitunguu cha mwitu chenye ua jekundu. Hakikuota kwingine kokote. Watu wa Kibombo walikichukua wakakipanda kwao, kikafa. Aliyekichimba ni Bibi, mama yake mama. Alitoa kimoja kikubwa, akabandua vitoto vyake, akavirudisha ufani kwa udongo wa kiganja. Utomvu wake mbichi ulizuia damu. Sisi watoto tulimenya mihogo kwa visu vikali huku tunacheka, maana Bibi yupo.

Kisha wakaja watu wa bunduki, wakitafuta pembe na watumwa. Vijiji vya ng'ambo viliungua mpaka mpunga wetu uliokuwa juani ukanuka moshi. Mjomba, mtoto wa pekee wa kiume wa Bibi, akawaambia vijana kwamba dawa inayozuia damu, mtu akiivaa, risasi haitamtoa damu. Wajinga wale wakamwamini. Walichimba vyote, hata vile vichanga, wakavikausha motoni wakavitunga shingoni. Bibi aliwachapa kwa mpini wa jembe. Mwanawe akamsukuma, akaanguka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kesho yake bunduki zikalia. Vijana walisimama peupe, vifua mbele, wakaanguka mmoja juu ya mwenzake. Mimi na Bibi tulikuwa tumejificha kwenye matete. Mjomba alitufikia akitambaa, paja limepasuka, mfupa unaonekana.

"Mama, unitie dawa."

Bibi akaukata ule uzi shingoni mwake, akavitafuna vile vitunguu, akavikandamiza kidondani. Vilikuwa vikavu kama makaa. Damu ikapita katikati ya vidole vyake.

"Dawa njo hii ulivaa, mwanangu. Haina tena maji."

Mjomba alifia mikononi mwake. Nilimpenda sana mjomba wangu, na hadi leo nina hasira naye.

Bibi aliishi miaka mingi baadaye. Mtoto akijikata, alimkimbilia kwa mazoea, amenyoosha kidole. Bibi alikifunga kitambaa, akakishika, akangoja damu ichoke yenyewe.