Daftari Jekundu na Minazi ya Ganda

Sijawahi kushtuka kama siku niliyojiona nimechorwa duara ndani ya daftari la mgeni.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na huku nikingoja barua ya chuo cha ualimu nikapata kazi ya ukalimani kwa mtafiti, mwanamke wa Kizungu aliyepanga chumba mtaani kwetu Malindi. Tulizunguka Ganda na Kakuyuni tukiwauliza watu mambo niliyoyaona ni utovu wa adabu: minazi hii ya nani, umerithi kwa nani, mkeo ni nani wako. Alikuwa na madaftari mawili. Katika la kijani aliandika wanayosema watu. Katika jekundu aliandika anayoyaona kwa macho yake mwenyewe.

Pale Ganda bwana mmoja mcha Mungu alituapia kwamba minazi yake ni ya nazi tu, tembo, ile pombe ya mnazi, haligusi wala halikaribii. Nikatafsiri kwa heshima zote. Nyuma ya kichwa chake mgema alikuwa akiteremka mnazini, taratibu, na kibuyu chake kimejaa. Mtafiti akaandika katika la kijani, akaandika katika jekundu, akashukuru. Mimi nilijiuma midomo nisicheke. Sikujua kwamba zamu ya nyumba yetu imeshapita, nasi hatuna habari.

Njiani alinieleza elimu yake, ambayo leo ningeiita uyakinifu wa utamaduni. Alisema mizizi yake iko Ulaya ya karne ya kumi na tisa, viwanda vilipochipuka na wafanyakazi wakajaa mijini, wakatokea wanafikra waliosema binadamu kwanza hutafuta chakula na pa kulala, na mawazo yake hufuata huko. Marekani wataalamu wa mila waliikataa habari hiyo kwa miaka mingi, wakashikilia kila jamii ielezwe kivyake na kanuni za jumla ziachwe. Baada ya vita vikuu vya pili wengine wakarudi kuuliza habari za ardhi, maji na mazao. Ndipo, katika miaka ya sitini, mwanazuoni mmoja akaipa nadharia jina na kuitetea kwa ukali. Akasema hata ng'ombe wa Wahindi haliwi kwa kuwa akiwa hai huvuta jembe, na mavi yake yakikauka huwa kuni. Msingi wa nyumba ni tumbo, alisema mtafiti. Dini na desturi ni paa.

"Na Wahindi wenyewe waliulizwa?" nikamwuliza, kwa hasira.

"Waliulizwa. Majibu yao ni daftari la kijani."

Nilimwona mtu mzima aliyesoma sana asiyejua kitu. Kila nyumba tuliyoingia, ukiuliza kwa nini watoto wa ndugu wanaoana, jibu lilikuwa moja: kuunga udugu. Nami nililitafsiri nikiliamini, maana ndivyo nilivyolelewa.

Basi Jumamosi moja akanipa daftari jekundu nilinakili kwa hati safi. Wanaume aliwachora pembetatu, wanawake duara. Nikafungua ukurasa, nikaona nyumba yetu. Huyu mtu kwetu hakuwahi kuuliza neno. Alikuja, akala wali wa bibi, akasifu mchuzi, akaenda zake! Marehemu baba yangu alikuwa pembetatu iliyokatwa mstari. Chini yake duara moja, na ubavuni ameandika: mkalimani wangu, mtoto wa pekee, nusu ya minazi aliyoacha babake Ganda ni yake, ataolewa na mtoto wa ami yake, ndugu wa baba, kabla hajaenda chuo, ili minazi isitoke nje. Ukurasa ule ulikuwa umeandikwa miezi minne nyuma.

Mimi, ndoa? Hakuna aliyenitajia neno hilo. Niliacha kalamu wazi nikakimbia nyumbani.

Bibi, mama yake baba, alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi. Nilipomwuliza, mkono wake ulisimama.

"Nani kakwambia? Tuliwafikiana usijue mpaka baada ya Idi."

"Hakuna alonambia, bibi. Mzungu kaandika."

"Kajuaje huyo? Apiga ramli?"

"Ahesabu minazi."

Akashika tena kifuu chake. "Ni kuunga udugu, mwanangu," akasema, lakini hakunitazama usoni.

Sikulala vizuri siku zile. Ami ndiye aliyenilea tangu baba afe. Ndiye aliyenibeba mabegani tukienda Maulidi, ndiye aliyenishonea sare za shule. Nilimpenda kama baba. Nikajiambia daftari lile ni la uongo, na nitathibitisha hivyo. Nitampa minazi, kisha tuone. Akisema, "Kaa na minazi yako, sisi tunakutaka wewe," wallahi nitaolewa na mwanawe na chuo kitangoja.

Nilimkuta barazani baada ya alasiri, anavaa viatu.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Ami, minazi yangu ya Ganda nakupa yote. Hiba, sitairudia. Mimi nataka kwenda kusoma."

Alibaki na kiatu kimoja mkononi. Nilimtazama mdomo. Nilikuwa nikimwomba Mungu akasirike, anifokee, aniulize nimepata wapi ujeuri huu. Akauliza kwa sauti ya upole sana:

"Mbele ya mashahidi?"

Nikasema ndiyo. Akavaa kile kiatu.

"Chuo chafungua lini?"

Hiba iliandikwa wiki ile ile mbele ya kadhi. Habari za ndoa hazikutajwa tena, si baada ya Idi wala siku nyingine yoyote. Nilikuwa nimepata nilichotaka, nami nililia kama niliyefiwa mara ya pili. Bibi alidhani nalilia minazi.

Mtafiti alisikia, mtaa wetu hauna siri. Alikuja na madaftari yake yote mawili. Katika jekundu aliandika mistari mitatu bila kuniuliza kitu. Kisha akafungua la kijani, akanitazama kwa huruma, akauliza kwa nini nimempa ami minazi yangu.

Nilikuwa na majibu tele kifuani. Nilifungua mdomo nimwambie yote, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema:

"Kuunga udugu."

Akaliandika.