Cherehani ya Méthode

Mume wangu Akilimali ni fundi baiskeli wa mtaa wa Buyenzi, na kichwa chake ni kigumu kuliko nyundo zake. Kuna siku natamani kumkaba. Lakini siku ile ya harusi mtaani Musaga, mwaka wa tisini na tano, nilijivunia kuwa mke wake.

Akishafunga kazi hupiga indingidi, zeze letu la uzi mmoja. Wimbo wake unaopendwa zaidi harusini alifundishwa na Méthode, mshonaji wa mtaa wa Kamenge. Mkanda wa cherehani ya Méthode uliwahi kukatika, akauunga kwa fundo. Kila fundo lilipopita kwenye gurudumu, cherehani iliruka: ti-ti-ta, ti-ti-ta, halafu kishindo. Méthode akauchukua mruko ule akautia kwenye zeze, na wachezaji wakifika hapo huinua mguu na kuupiga chini. Alimpa Akilimali wimbo huo kwa sharti moja: kabla ya kuupiga, mtaje aliyekupa. Mume wangu hajawahi kulivunja.

Basi vita vikaja, Musaga na Kamenge wakawa maadui. Watu wa Kamenge walikimbia, Méthode akiwa mmoja wao, na hatukujua kama yu hai. Huko Musaga vijana wenye silaha walishika njia, wakaamua nani apite na nani asipite. Katikati ya balaa hilo rafiki yangu Caritas, wa Musaga, akaozesha binti yake, akatuita.

Tulifika mchana. Mkubwa wa vijana wale, Bonfils, alimfuata Akilimali uani kabla hajakaa.

"Muzee, jina ya mutu wa Kamenge hatutaki kuisikia hapa. Sema wimbo ni ya Musaga, kisha upige."

"Apana," alisema mume wangu. "Mi sikuutunga, na Musaga haikuutunga."

"We unatafuta kufa?"

Nilimvuta mume wangu mkono. "Baba Houda, sema tu anavyotaka, turudi nyumbani."

Aliuondoa mkono wangu taratibu. Nilimchukia kabisa dakika ile. Akasimama, akasema kwa sauti ya kufika mpaka jikoni: "Wimbo huu alinipa Méthode, mushonaji wa Kamenge. Kama angali muzima, Mungu amulinde."

Bonfils alimnyang'anya zeze, akaukata uzi, akamrudishia. Akilimali aliliweka mapajani mwangu kama mtoto mgonjwa. Halafu akavuta kreti tupu ya Fanta, akaketi, akaanza kuigonga kwa vidole, akiimba kwa mdomo kile ambacho zeze lingesema.

Caritas ndiye aliyeanza. Aliweka sinia chini, akafunga kitenge chake vizuri, akaingia kati. Bibi harusi akamfuata, kisha shangazi zake. Hakuna aliyemwangalia Bonfils isipokuwa mimi, maana nilitaka kujua kama nitakuwa mjane. Alisimama na bunduki yake begani, mdomo ameukaza. Tangu utotoni alikuwa amecheza wimbo ule kwenye harusi za mtaa wao. Ti-ti-ta, ti-ti-ta, na wimbo ulipofika pale cherehani iliporuka, mguu wake ukainuka, ukapiga chini.

Akilimali aliuona. Akaacha kugonga, akasubiri wachezaji watulie, kisha akaanza tena toka mwanzo, na jina la Méthode likiwa la kwanza.